Anga na Msitu Katika Simu Moja

Wako wazazi wengi katika kijiji chetu, karibu na msitu wa Kakamega, wanaoitazama simu kama mgeni asiyejulikana nia yake. Siwalaumu hata kidogo. Wamekwisha kuona vijana wakikesha juu ya upuuzi, na bando iliyonunuliwa kwa fedha za mayai ikiteketea katika vichekesho. Lakini simu hiyo hiyo ina milango mingine, nami, kwa kuwa ni mwalimu na ni mzazi vile vile, nataka kumweleza msomaji kijana habari za baadhi ya milango hiyo. Sisi huipita jioni baada ya chakula, simu moja ikizungukwa na vichwa vitano.

Tulianza na anga. NASA, shirika la anga la Marekani, huweka wazi katika tovuti zake picha na maelezo ambayo zamani yalikuwa mali ya wataalamu. Ukurasa mmoja wahusika na picha moja tu ya mambo ya mbinguni kwa kila siku, na maelezo mafupi chini yake. Ulianzishwa tarehe 16 Juni 1995, kabla ninyi nyote mnaosoma kitabu hiki hamjazaliwa. Hautaki ada, wala haumwulizi mtoto jina lake.

Katika kuzisoma habari hizo za anga binti yangu alikutana na neno "Uhuru", akadhani ni makosa ya chapa. Halikuwa kosa. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani iliitwa kwa neno letu. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini upande wa Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, bibi aliyeisimamia kazi ile, Marjorie Townsend wa NASA, akaipa jina hilo. Binti yangu akauliza kwa nini hawakurusha kwao. Swali zuri! Dunia inapojizungusha, watu wa ikweta ndio wanaochukuliwa kwa kasi kubwa kupita wote, yapata kilomita 1,670 kwa saa. Basi roketi irushwayo huku kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure. Akauliza tena kwa nini chombo kipelekwe juu, hali darubini zipo chini. Ni kwa sababu hewa yetu huizuia miale hiyo isitufikie, jambo ambalo ni heri kwa ngozi zetu na hasara kwa wanajimu. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, kimojawapo kikiwa kile kiitwacho Cygnus X-1, ambacho wataalamu walikuja kukubali kwamba kina shimo jeusi.

Nakiri kwamba habari hii hunipendeza kuliko zote, na kama si nafasi kuwa ndogo ningeendelea nayo.

Jioni nyingine tulitumia programu ya NASA iitwayo Spot the Station, ambayo huambia watu wa mahali fulani ni saa ngapi na upande gani watakiona Kituo cha Anga cha Kimataifa kikipita. Kituo hicho kiko juu yetu kiasi cha kilomita 400, nacho huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Tulitoka uani. Mama yangu, ambaye watoto humwita Kukhu, alitoka pia akijifunika shuka, akisema amechoka kusikia habari za mbinguni kutoka kwa watu waliokaa ndani ya nyumba. Nuru ikatokea kwa saa iliyotajwa, ikapanda kimya, haikuwaka na kuzima kama taa za ndege. Kabla haijafika mashariki ikafifia, ikatoweka katikati ya anga jeupe. Kukhu akasema imezimwa. Binti yangu akamweleza kwamba haina taa ya kuonekana kutoka huku. Huangazwa na jua, na sasa imeingia katika kivuli cha dunia. Kukhu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na sisi tumo ndani ya kivuli hicho hicho." Sijapata kuusikia usiku ukielezwa vizuri zaidi darasani.

Tangu siku hiyo alijiunga nasi, na hapo ndipo mambo yalipogeukia msitu.

Msitu wa Kakamega ni salio la misitu mikubwa ya mvua iliyounganika zamani na ile ya Kongo. Una aina zaidi ya 300 za ndege, miongoni mwao ndege mkubwa wa buluu wa jamii ya kulukulu, mwenye kishungi cheusi na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu. Kwa viumbe kama hivi iko tovuti ya iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008. Mtu hupiga picha ya mmea au mdudu, hata pasipo mtandao, akaipeleka baadaye pamoja na mahali na tarehe. Wenzake wa nchi nyingine hutoa maoni yao, na wakipatana, taarifa hiyo huweza kutumiwa na watafiti. Kwa watoto wadogo ipo programu ndugu yake, Seek, isiyohitaji kujiandikisha.

Tulipiga picha ya mti ulio kando ya kisima chetu, wenye miiba katika gome na maua mekundu. Simu ikajibu: Erythrina abyssinica. Kukhu akacheka. "Huo ni murembe. Wazee waliapishia watu chini yake, na mwenye kusema uongo aliogopa kuugusa. Simu yako yalijua hilo?" Haikulijua. Lakini tovuti ile yaruhusu majina ya lugha mbalimbali kuongezwa, na binti yangu alikuwa amekwisha kuchukua daftari. Likaandikwa murembe, siku zilizofuata yakaja mukumu, lusiola, mwiritsa. Kukhu hutaja, mtoto huandika, simu hutafuta jina la kitaalamu. Mimi mwenyewe sikujua hata nusu ya majina hayo, na watoto wa rika la binti yangu hapa kijijini wengi wao huita kila mti "mti".

Katika daftari hilo yamo majina sita yasiyo na picha. Kukhu ayakumbuka kwa harufu ya moshi wake, kwa dawa ya tumbo, kwa mpini wa jembe la baba yake; lakini miti yenyewe haipo tena katika mashamba yetu ya chai na miwa. Likizo ya Agosti tutakwenda naye msituni pamoja na mwongozaji. Amekwisha kutuonya kwamba hatembei upesi, na kwamba simu ijazwe moto kabla hatujaondoka.