Mchoro wa Ukutani na Wajibu wa Mhakiki

Aghalabu mhakiki wa fasihi hushughulikia matini inayomsubiri. Kitabu huweza kukaa rafuni miaka 30 kisha kikasomwa upya. Mchoro wa ukutani hauna subira hiyo. Mwaka wa 2012, kabla ya uchaguzi mkuu wa 2013, Boniface Mwangi na wasanii wenzake walimchora mwanasiasa kama tumbusi kwenye kuta za katikati ya Nairobi. Sitiari hiyo haikuhitaji ufafanuzi. Mchuuzi na karani waliweza kuisoma wakiwa njiani, kila mmoja akitia mwenyewe jina la amjuaye.

Kule Kibera, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Solomon Muyundo, aitwaye Solo 7, aliandika kutani maneno ya kuhimiza amani. Hapa hakuna sitiari wala pambo. Uzito wa maneno umo katika mahali yalipoandikwa. Yakinakiliwa ubaoni bila ukuta wake, hubaki kuwa wasia wa kawaida. Ndivyo ilivyo kanga: jina lake halitimii mpaka ijulikane ni nani kaivaa, na mbele ya nani.

Basi uhakiki wa michoro hii hauna budi kufuata nyayo za utafiti wa fasihi simulizi, unaorekodi utendaji pamoja na hadhira na mazingira yake. Msimulizi aliyenyamaza huweza kuombwa arudie. Ukuta uliopakwa chokaa haurudii. Anayekusudia kuusoma na atoke leo na daftari lake.