Amana Iliyomo Ndani ya Kompyuta



Zamani hati za nyumba ziliwekwa sandukuni, na ufunguo ukakaa kwa mama. Leo nakala za cheti cha ndoa na hati ya shamba, pamoja na picha za marehemu wetu, zimo katika kompyuta moja sebuleni, na hapana aliyekabidhiwa kuitunza. Watoto huchezea humo, wageni huchomeka flashi zao, nasi twadhani kilichowekwa humo ki salama.

Mwaka jana mjane mmoja wa mtaani petu alinijia na kompyuta isiyowaka. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe akisoma Yasini na kuwausia wanawe. Hakuwa na wasiwasi sana, kwani kijana wake alikwisha kumnakilia: nakala moja sehemu ya C, nyingine sehemu ya D. Fundi alipoifungua alikuta diski ni moja tu, nayo imekufa. Sauti ile haikupatikana, nami sikuwa na la kumpa mama yule ila dua.

C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Kugawa diski kuna faida: Windows ikiharibika, fundi aweza kuifuta C na kuipanga upya bila ya kuyagusa mafaili yaliyomo D. Lakini nyumba ikiungua, vyumba vyote huteketea.

Tuwatazame waliotutangulia. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi waliohifadhi Qur'ani, Sayyidna Abu Bakr aliamrisha ikusanywe katika kurasa. Kurasa hizo hatimaye zilitunzwa na Bibi Hafsa binti Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Sayyidna Uthman aliziazima, akaamrisha misahafu inakiliwe na kupelekwa miji mbalimbali, kisha akamrejeshea kurasa zake. Sikifananishi Kitabu kitukufu na picha za harusi. Nachukua funzo la njia tu: asili ikae kwa mwaminifu, na nakala zikae mahali mbalimbali.

Basi kila jambo la thamani na liwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu nje ya nyumba, kwa ndugu au katika hifadhi ya mtandaoni. Diski ya nje ichomolewe baada ya kunakili, kwani kirusi kikiingia huharibu chochote kilichounganishwa. Na mara kwa mara nakala zifunguliwe, zijulikane kuwa ni nzima.

Masasisho nayo tusiyaahirishe kila yanapotokea. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili katika nchi nyingi, hata katika hospitali za Uingereza, kikidai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu lile tangu Machi. Wengi walioathirika hawakukiweka. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya bure. Mwenye nayo amuulize fundi mapema, lakini anakili kwanza, ndipo abadilishe.

Wako watakaosema, "Tumetawakali." Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali.

Ombi langu kwa akina baba ni hili: kazi hii msiwaachie vijana peke yao kwa kudhani kina mama hawaiwezi. Kunakili si kugumu kuliko kutumia simu waliyonayo mkononi. Mkabidhini mama wa nyumba diski ile na neno la siri, na muda mfupi kila mwisho wa mwezi. Kurasa za umma huu ziliwahi kukaa kwa mwanamke, na hazikupotea.

Wabillahi tawfiq.