Ufadhili Sitaki, Nipeni Kadi

Jumamosi alfajiri nilifungua simu nikakuta nimekwisha kuahidi seti mbili za jezi, mipira na nyavu za magoli. Ahadi hiyo sikuitoa mimi. Iliandikwa na katibu wa timu ya kijijini kwetu kwenye kundi la WhatsApp, kwa herufi kubwa: MDAU WETU WA UJERUMANI KATHIBITISHA. Chini yake makofi, misuli, bendera, na shangazi mmoja aliyeandika, "Mungu akuongezee mwanangu." Ukishaombewa dua na shangazi mbele ya kadamnasi, unarudi nyuma kwa mguu gani?

Kwa bahati mbaya wiki hiyohiyo nilikuwa nimepokea dai jingine la mpira. Kijiji ninachoishi kiko Vogelsberg, jimbo la Hessen, na mimi ni mwanachama wa klabu yao kwa sababu mwanangu anacheza timu ya watoto. Katiba ya klabu inamtaka kila mtu mzima afanye saa kadhaa za kazi kwa mwaka: kukata nyasi, kupaka uzio rangi, kuchoma soseji siku ya mechi. Usipofanya, kila saa ina bei yake. Mimi nilikuwa zamu ya usiku kazini, soseji zikachomwa na mwingine, bili ikanifuata ikiwa imetaja na kifungu. Nimelipa. Na kwa kuwa nimelipa, naomba niseme moja tu: uwanja wao una nyasi kama zulia, mabomba ya kumwagilia yanajifungua yenyewe, na wachezaji hawatoshi. Vijana wamehamia mijini. Vijiji vitatu vimeunganisha timu, majina yote matatu yakatiwa mkwaju katikati, hadi jina la timu limekuwa refu kuliko orodha ya wachezaji. Tena shirikisho lao huitoza klabu faini isipotoa marefa wa kutosha. Faini wanazilipa kwa wakati.

Kwetu refa hakosekani. Kinachokosekana ni njia ya kumtoa uwanjani mechi ikiisha, ndiyo maana kuna bodaboda hukaa nyuma ya goli, injini ikiunguruma tangu dakika ya themanini na tano.

Kwetu ni Usangu, wilaya ya Mbarali, upande wa Ubaruku. Anayepajua anafahamu kwamba kalenda ya mpira huko haipangwi na TFF, inapangwa na mpunga. Desemba na Januari watu wamo kwenye majaruba, na anayeonekana na mpira mchana ama ni mtoto ama amegombana na mkewe. Mpunga ukivunwa, ukauzwa, ndipo Julai na Agosti kombe la ng'ombe linatangazwa kwa spika iliyofungwa juu ya pikipiki. Mistari ya uwanja huchorwa kwa majivu ya pumba kutoka mashineni. Mchoraji ni mjomba wangu, na boksi la penalti tunalolinda sisi limekuwa dogo kuliko la wageni tangu nikiwa darasa la tatu. Wakati wa mapumziko, timu zikijiandaa kubadilishana upande, huonekana akivuka uwanja na ndoo yake, taratibu, bila kumtazama mtu.

Timu yenyewe ilianzishwa na vijana waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya mpunga ya NAFCO, wakati Mbarali na Kapunga bado ni mali ya serikali. Trekta la shamba ndilo lililokuwa basi la timu. Mashamba yalipobinafsishwa miaka ya 2000, trekta likabaki kwa mwenye shamba mpya, timu ikawa inaenda mechi za ugenini kwa miguu na kurudi imegawanyika makundi mawili, la waliocheza vizuri na la waliosababisha. Kisha mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa bonde la Ihefu, na 2008 eneo lile likaingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hayo yameandikwa sana kwa upande wa maji, umeme na ng'ombe. Sijaona popote palipoandikwa kwamba sisi tulipoteza safu nzima ya ulinzi. Beki wetu wa kati, Mbarabaig mmoja mrefu ambaye hakuwahi kuruka kwa sababu hakuwahi kuhitaji, alihama na mifugo ya baba yake mpaka Kilwa. Bado yumo kwenye kundi, na kila Jumapili anawatukana makipa wetu kutoka hukohuko.

Baada ya hapo zikaja zama za wafadhili. Wa kwanza alikuwa na mashine ya kukoboa, na timu ikabeba jina la mashine. Alidumu hadi siku mpwa wake alipowekwa benchi. Alikuja na gunia, akakusanya jezi zake zote, hata ya kipa aliyekuwa bado ameivaa. Akafuata muuza vifaa vya ujenzi kutoka Rujewa. Jina jipya, rangi mpya, na mipira miwili ambayo ilikuwa lazima irudishwe dukani jioni. Uchaguzi wa 2020 ukatuletea mtia nia wa udiwani, na jezi zenye picha yake kifuani, anacheka. Kura za maoni hazikumchekea. Vijana wakazivaa jezi zile nje-ndani misimu iliyofuata, na ukisogea karibu na winga wetu wa kulia unamwona mheshimiwa kwa mbali, anakuchungulia kupitia kitambaa.

Mniwie radhi nikicheka. Nawapenda watu hawa. Timu hii imepokonywa trekta, mabeki, mipira na majina, na kila Julai wachezaji kumi na mmoja wanapatikana. Wakati mwingine wanapatikana kwa njia ya mamluki, ni kweli. Kuna fainali ambayo sisi na wapinzani wetu tuliagiza mamluki kutoka Mbeya mjini, wote wakafika na Coaster moja, wakagawana kiti na karanga, kisha wakashuka kila mmoja akielekea upande wake bila kuagana. Mechi ilikwisha sare, na mpaka leo kuna wanaoamini matokeo yalipangwa kabla ya Igawa.

Ninachogoma ni kuwa mfadhili wa nne.

Jirani zetu wa Ubaruku walikuwa na timu ya Ihefu. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka, ikarudi. Novemba 2022 Yanga walikuja pale uwanja wa Highland Estates wakiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa, wakafungwa 2-1. Jioni ile barabara ya kwetu haikupitika. Wenye kadi za Yanga walijifungia ndani, wakasema wanaumwa malaria. Watu waliolima mpunga asubuhi walikuwa wamesimamisha rekodi ambayo Simba na Azam hawakuiweza. Kufikia 2024 timu ile ilikuwa Singida, ina jina jipya, Singida Black Stars. Kwa sheria hakuna aliyedhulumiwa: timu ilikuwa na wenyewe, na mwenye mali huipeleka anakotaka. Mkulima wa Ubaruku aliyekuwa akilipa kiingilio na kukauka koo kwa kushangilia hakuwa na karatasi yoyote ya kumfanya aulizwe.

Na hapa naomba nitoke kwenye mpira kidogo, maana watu wa Usangu habari hii tunaijua kwa sura nyingine. Shamba la Kapunga lilipouzwa kwa mwekezaji, kijiji cha Kapunga kilijikuta kimo ndani ya hati. Kijiji, pamoja na nyumba na makaburi yake. Ilichukua kelele za miaka hadi ikarekebishwa. Wafugaji nao walikuwa na miaka mingi ya kuishi bondeni, na miaka ya kuishi haikusomeka mahali popote walipotakiwa kuionyesha. Sisi tumelelewa kuamini kwamba kitu kikijulikana na wote ni chetu basi inatosha. Anayekuja na hati hawezi kuyaona hayo tunayoyajua.

Wajerumani nao walimpata tajiri wao. Hoffenheim ni kijiji cha watu kama elfu tatu, na timu yake ilipandishwa kwa fedha za Dietmar Hopp, aliyeichezea ujanani kabla ya kuwa miongoni mwa waanzilishi wa SAP, hadi ikaingia Bundesliga mwaka 2008. Sheria yao inataka wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura. Yeye alipewa ruhusa maalumu mwaka 2015, akazomewa viwanja vingi vya nchi, na mwaka 2023 akaamua kuzirudisha kura hizo kwa klabu. Simsifii. Nasema tu kwamba palikuwa na mahali pa kuzirudisha. Kwetu, yule bwana wa mashine hata angetaka kurudisha gunia la jezi, angemkabidhi nani?

Nchi yetu si kwamba haijui uanachama. Simba na Yanga zina wanachama wenye kadi, na suala la wanachama kubaki na asilimia 51 wamelibishania mpaka vijiwe vya kahawa vikawa kama mahakama. Mzee mwenyekiti wa timu yetu anayo kadi ya Yanga, ameipiga lamineti, analala nayo. Nilimuuliza kwa simu: "Mzee wangu, shikamoo. Timu inayocheza nyuma ya nyumba yako, wewe kadi yake unayo?" Akacheka mpaka akakohoa. "Marahaba mwanangu. Kadi ya nini tena? Si yetu hii?"

Kwa hiyo Jumamosi hiyohiyo nikaandika kundini, kwa heshima zote, kwamba jezi sitatuma. Nitatuma ada ya mwanachama, elfu mbili, sawa na ya kila mtu, na nikaomba katibu afungue daftari. Kusajili klabu kunaanzia kwa afisa michezo wa halmashauri pale Rujewa, chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa iliyopo tangu 1967. Si jambo la kupanda ndege. Watu mia wakitoa elfu mbili wananunua jezi bila sura ya mtu yeyote kifuani.

Ukimya uliofuata ulikuwa mzito. Kisha mmoja akauliza kama maisha Ulaya yamekuwa magumu. Mwingine akaniita pembeni kunipa pole na kuniambia nisione aibu. Shangazi akafuta dua yake; WhatsApp siku hizi inaonyesha kwamba ujumbe umefutwa, na mimi niliuona. Mjomba pekee ndiye aliyeunga mkono, kwa sharti kwamba majivu yasiingizwe kwenye katiba.

Hata hivyo daftari limefunguliwa, picha yake nimetumiwa. Wa kwanza kulipa ni yule beki wa Kilwa, kwa simu, na papo hapo akadai haki ya kupiga kura katika kuchagua kipa. Ugomvi ulikwenda mpaka usiku wa manane. Wapo wanaosema aliyehama si wa kwetu tena, hawezi kuamua mambo ya kijiji. Nikauliza, je, mimi niliyehama mbali kuliko yeye? Katibu akanijibu kwamba hilo ni suala tofauti, kwa sababu mimi ni mfadhili.