Mashine Iliyolala Isiamke

Mwaka 2003 nilinunua kompyuta ya kupakata iliyokwisha kutumiwa na wengine. Betri yake ilikuwa imechoka, haikustahimili hata saa moja, na hapa Bujumbura umeme hukatika bila kubisha hodi. Kila jioni niliketi karibu na baba yangu mzazi, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kumwacha, nikaandika habari za ukoo wetu kadiri alivyozisimulia.

Jioni moja umeme ulikatika katikati ya majina ya wazee. Nikafunga kifuniko ili mashine ilale, nikaenda kutafuta taa. Niliporudi na kukifungua, kioo kilibaki cheusi. Feni ilizunguka, lakini mashine haikuamka. Nami nilikuwa sijahifadhi kitu.

"Basi, mwanangu, tutaanza tena kesho," akasema baba. Kesho yake alitaja ndugu wanne wa babu. Nilikuwa na hakika kwamba jana walikuwa watano.

Nikaanza kutafuta chanzo. Kumbe palikuwa na kanuni mbili za kuongoza umeme ndani ya mashine zile. Ya zamani, APM, ilitolewa na Intel na Microsoft mwaka 1992. Kwayo usingizi wa mashine ulishikwa zaidi na BIOS, yaani programu iliyopachikwa kiwandani kwenye ubao mkuu. Ya pili, ACPI, ilitolewa Desemba 1996 na kampuni hizo mbili pamoja na Toshiba. Hiyo iliukabidhi uamuzi kwa mfumo endeshi, ambao husoma majedwali yaliyoandikwa na mtengenezaji, kisha huamua kifaa gani kilale na kipi kikeshe. Jambo jema, ila majedwali yakiwa na kasoro, au mfumo usipoyaelewa vema, kulala huwa rahisi kuliko kuamka. Mimi nilitumia Linux ya toleo la 2.4, na ACPI yake ilikuwa bado changa sana katika jambo hilo la usingizi.

Kanuni hizo mbili haziwezi kutawala pamoja. Niliongeza maneno acpi=off katika amri za kuwashia mashine, nikarudi kwa APM. Hasara zilikuwapo: feni ilivuma usiku kucha kama mbu wa masika, na kipimo cha betri kikawa cha kubahatisha. Mama alilalamikia kelele. Lakini nilipofunga kifuniko na kukifungua, maneno ya baba yalikuwa palepale, hata nukta ya mwisho.

Baba alifariki mwaka 2005. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote Januari 2007, haikuijali tena APM, na kompyuta niliyonunua baadaye haikunipa nafasi ya kuchagua. ACPI yake hulala na kuamka vizuri, sina ugomvi nayo.

Habari za ukoo nimezichapa kwenye karatasi. Katika ukurasa wa ndugu za babu nimeacha mstari mmoja mtupu.