Tunduma, Mji wa Mlangoni

Sisi tukaao Kamsamba, bondeni karibu na Ziwa Rukwa, twajua habari za mpunga na za mto Momba kuliko mambo ya mijini. Lakini mchele wetu hupanda mlima kwenda Tunduma, na vijana wetu huufuata. Kwa hiyo yafaa tuueleze mji huo.

Tunduma haukukuzwa na mto wala bandari, bali na mpaka. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi walipatana huko Ulaya, wakaigawa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta chini ya dola mbili: hawa Tunduma, na ndugu zao Nakonde, iliyo leo katika Zambia. Hata sasa mtu huvuka kwenda kumzika mjomba wake, kumbe yu katika nchi ya kigeni.

Walakini mpaka uliotenga ndio ulishao. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufikia bahari. Basi reli ya TAZARA ikajengwa tangu 1970 hata 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Reli hiyo na barabara kuu zote zapita Tunduma. Shaba huteremka pwani, mafuta na bidhaa hupanda bara. Malori yakingoja forodhani, madereva hula, hulala, hununua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tarehe 5 Oktoba 2019 kilifunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha forodha, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja badala ya pawili. Ni jambo jema. Ila mji ulishwao na kungoja kwa wageni utakula nini siku wasipongoja?

Safari moja tulikutana huko na kijana tuliyemfundisha, akibadilisha fedha kando ya barabara.

“Shikamoo, Mwalimu. Hesabu ulizotufunza ndizo zinilishazo.”

Tukafurahi kweli. Kisha tukamwuliza, “Na shamba la baba yako, nani alilima?”

Akatazama chini, asijibu. Nasi hatukumlaumu, kwa maana tulimfundisha kuhesabu, wala hatukumfundisha kuhesabu alichokiacha nyumbani.