SHIKAMOO MAMA: Staa wa Insta alivyonunua viazi gulioni Igowole

Wadau, jina halitajwi, msilazimishe. Mtakaomjua mjue kimya kimya.

Kuna huyu dada. Wigi hadi kiunoni, kope za kubandika, Kiswahili cha Mikocheni. Kwenye kurasa zake ameshasema mara kibao kuwa baba ni mtu wa Moshi, mama mtu wa Tanga, yeye mwenyewe mtoto wa Dar damu damu. Mwaka jana mtu wake alimpeleka Ufaransa. Na hawakuishia Paris kupiga picha kwenye ule mnara kama wengine. Walishuka mpaka mashambani, kimji kinaitwa Sarlat, mkoa wa Dordogne, ambako kila Jumatano na Jumamosi watu wanapanga meza nje, katikati ya nyumba za mawe za miaka hiyo, wanauza jibini, jozi, stroberi na bata bukini wa kila namna.

Ile video ilikimbia balaa. Mashosti wakawa wanalia tu, "maisha ndio haya", "hewa safi, chakula fresh, Mungu nikumbuke". Alinunua na kikapu cha ukindu pale, euro 45, zaidi ya laki moja ya madafu. Ndani kilikuwa na kilebo kidogo kimeandikwa kimetengenezwa Madagaska. Hicho kilebo hakikuonekana kwenye video.

Sasa ukikaa ukafikiria, lile soko la Wafaransa ni gulio tu. Lina siku zake, leo mji huu, keshokutwa mji wa pili. Wauzaji wanazunguka nalo na magari yao, halmashauri inakusanya ushuru wa meza, mchana likifungwa panabaki majani ya kabichi na njiwa. Mtu wa Iringa ukimsimulia hivyo anakuuliza, sasa cha ajabu nini?

Mafolowa nao wakaanza kumsumbua, tuonyeshe na ya kwetu basi. Ndio ukazaliwa mpango wa kuzunguka magulio ya Nyanda za Juu Kusini. Mwezi wa 3, mvua bado zinapiga, yeye na kijana wake wa kamera wakapanda basi alfajiri pale Stendi ya Magufuli. Morogoro, Mikumi, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni dirishani, Kitonga na kona zake, nyanya za Ilula, Iringa, wakalala Mafinga. Plani ilikuwa warekodi Mafinga palepale halafu wasogee Makambako. Asubuhi kijana wa kamera akapiga stori na mhudumu wa gesti, akarudi anachekelea. "Dada, leo gulio liko Igowole, watu wanatoka vijiji vyote. Tukodi gari twende huko."

Chai ikampalia mwenzenu.

Igowole ndiko alikozaliwa. Yule mama wa Tanga hajawahi kuiona Tanga hata kwa picha. Ni mama wa Kihehe anayeuza viazi kwenye gulio hilohilo tangu huyu binti yuko mgongoni. Na ile Mikocheni ni kweli aliishi, tena miaka 4, ila aliishi kama dada wa kazi. Alifika ana miaka 16, lafudhi ya nyumbani bado mbichi mdomoni, na kila mgeni aliyekaa kwenye ile sebule alikuwa na utani uleule wa Wahehe na mbwa. Walimtania mpaka akachoka kuwa Mhehe. Si kwamba alikaa chini akapanga uongo. Siku moja mtu alimuuliza kwenu wapi, mdomo ukasema Tanga, ikaisha hivyo. Leo ana mafolowa laki na kitu na mama wa Tanga anamlea.

Hela ya mama lakini hakosi kutuma, hilo tuwe wakweli. Kila mwisho wa mwezi inaingia kwenye simu, na nyumba imepigwa bati jipya. Hela ilikuwa inafika nyumbani, mwenye hela ndio alikuwa hafiki.

Angekataa kwenda angesema nini? Wakakodi gari. Ukitoka Mafinga unafuata lami mpaka Nyololo, hapo unaiacha barabara kuu ya Mbeya unakamata njia ya Igowole, ambayo ukiendelea nayo inakufikisha Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Misonobari, ukungu, malori ya mbao, mashamba ya mahindi yaliyoanza kukomaa. Kijana wa kamera dirisha hafungi, anashangaa kila kitu. Dada yuko kimya na miwani ya jua, na jua lenyewe halipo.

Kwa ambaye hajawahi kufika gulio la huku, usitegemee meza zenye vitambaa. Pale chini tu, turubai au gunia lililopasuliwa. Upande mmoja viazi na maharage na njegere, upande mwingine maparachichi, mnafu, maboga, kuku wamefungwa miguu wanakutazama kwa lawama. Dagaa wako mbali kidogo kwa sababu ya harufu. Vikapu vya milulu vilivyosukwa na akina mama vimepangwa juu ya nyasi, kile kikubwa shilingi 15,000, na hakina kilebo cha Madagaska. Halafu mitumba. Jamaa wa mitumba wanazunguka gulio kwa gulio na Fuso, wanafungua balo asubuhi na kupanda juu ya lundo wanaimba bei, masweta na makoti ndio yanakimbia kwa sababu baridi ya Mufindi haina utani. Pembeni kabisa kuna wazee na ulanzi. Mvua zikiwa zinapiga mianzi inakatwa kwenye vichipukizi, utomvu unadondokea kwenye mbeta usiku kucha, asubuhi unakunywa mtamu kama juisi. Ukisubiri mpaka jioni utaupata umechacha, hapo sasa utarudi nyumbani unaongea na miti.

Vipimo ndio pa kuwa makini. Rejareja ni kwa sado, ile ndoo ndogo ya rangi ya lita 4, na ukubwa ni debe. Kuna wajanja wanaipasha sado moto wanaibonyeza kitako ili ile kidogo, kwa hiyo mama anayejiheshimu anaipindua kwanza akuonyeshe. Jumla ni gunia, na hapo ndipo penye kilio. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, ila mnunuzi anayekuja na lori anataka lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mjamzito, na analipa bei ya gunia moja. Wakulima wanajua wanaibiwa. Lakini viazi vimeshachimbwa, mvua inanyesha na lori liko moja.

Turudi kwa dada yetu. Simu juu, tabasamu limewashwa, "hello familia, leo tupo Igowole". Balaa likaanza dogo dogo. Pale kwenye mtaro wa kuingilia kila mgeni anazama tope, yeye akaruka kwenye jiwe lake bila hata kuangalia. Bibi mmoja wa maboga akamsalimia "Kamwene!" naye akajibu "Kamwene!" fasta, kwa sauti ya kuvuta ile ya Kihehe kabisa, huku mikono imeshakutana. Kijana wa kamera akauliza, "Dada, umejifunza lini?" Akasema, "Gugo." Bibi wa maboga hakusema kitu. Alimwangalia miguu. Huku wazee hawakutambui kwa sura, wanakutambua kwa mwendo.

Na yeye alikuwa anajua mama yake anakaa wapi. Mstari wa tatu, chini ya mkaratusi. Akawa anaukwepa, akaenda kwenye mitumba, akaenda kwenye vikapu, akarudi kwenye mitumba. Tatizo ni kijana wa kamera, maana kijana ana jicho. Akaona chungu ya viazi vimepangwa vizuri, mama kakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kitenge, koti la mtumba, kofia ya sufi. Akasema, "Dada, huyu mama ana sura ya kamera, nenda muulize bei."

Hatua kama 10 hivi. Mama alishamuona tangu kwenye mtaro.

Kiswahili chetu hiki kina huruma sana. Mwanamke yeyote wa rika lile unamwita mama, wa kwako, wa jirani, wa kwenye daladala. Dada akapiga goti kidogo kama binti yeyote mwenye adabu, kamera inarekodi, akasema, "Shikamoo mama."

Mama akamwangalia. Akaangalia kamera. Akasema, "Marahaba dada, karibu. Viazi vya jana hivi, havijalala."

Yaani kwa sekunde moja yule mama alielewa kila kitu na akaamua. Muuza njegere wa pembeni, aliyemjua binti tangu anatambaa, alifungua mdomo, mama akamtupia jicho moja tu, njegere zikaendelea kumenywa. Kukawa na mjukuu, mtoto wa miaka 6 hivi, katoka mbio kwenye magunia na furaha zote, "Mama mdo..." Bibi yake akamkata katikati, "Nenda kalete chenji kwa bibi wa maboga, haraka!" Mtoto akasimama pale, haelewi, halafu akaenda taratibu akigeuka nyuma.

"Sado bei gani, mama?"

"Elfu mbili na mia tano."

Mama akaipindua sado, akaonyesha kitako. Akajaza mpaka kikawa kichuguu, akaongeza viwili vya juu, nyongeza ya mteja. Dada akatoa noti ya 10,000, akageukia kamera akasema yale maneno ambayo mastaa wetu wote wanayasema, tuwaunge mkono wajasiriamali wetu wadogo. "Mama, chenji baki nayo."

Hapo mama ndio akakataa. Akahesabu 7,500, noti kwa noti, akamshikisha mkononi. "Hapana dada. Hapa tunauza."

Kijana wa kamera alifurahi kupita maelezo. Alisema hiyo ndio sehemu bora ya video nzima.

Jioni mvua ikakata njia ya kurudi, wakachukua vyumba gesti ya hapohapo Igowole. Saa mbili usiku dada akasema anaenda dukani kutafuta dawa ya kichwa. Hakuwa na wigi, alijifunga kanga. Alipita nyuma ya nyumba za watu, njia ambayo hata giza haliwezi kukusahaulisha, akakuta mlango haujafungwa na moto unawaka jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi. Hakunyanyua kichwa.

"Karibu, mteja."

Dada akacheka. Akadhani mama naye atacheka. Mama akamsogezea kigoda na kisu kingine, wakamenya. Waliongea mambo ya bati, linavuja kona moja. Waliongea mbolea imepanda. Mjukuu alikuwa macho kwenye mkeka, anamwangalia mama yake mdogo kama mtu anayehesabu, kisha akauliza, "Saa hizi naweza kukuita?" Hapo ndipo kisu kilipowekwa chini na macho yakafanya yake.

Mama alimwacha alie. Alipomaliza akamwambia maneno machache. Kwamba yeye hajakasirika, biashara ni biashara, na kama huko mjini anauza uso basi asiharibiwe soko na mtu wa viazi. Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi kwenye turubai, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Video ikapanda baada ya wiki. Haikukatwa kitu. Imekimbia kuliko ile ya Sarlat, watu wanaulizia ile kofia ya sufi, watu wanataka namba ya mama wa viazi wamtumie chochote. Katikati ya yote hayo kuna mtu mmoja, ukurasa hauna hata picha, aliandika, "Mbona mnafanana sana?" Komenti zote dada amezijibu, na moyo mwekundu juu. Hiyo hajaijibu, na hajaifuta.

Mama ana kitochi, video haingii. Kijana wa muuza njegere ndiye aliyemuonyesha kwenye simu yake, siku ya gulio lililofuata, pale pale chini ya mkaratusi. Aliangalia mara mbili. Usiku akampigia mwanawe. Dada alipoona jina la mama kwenye kioo alikaa kwanza kitandani, akajiandaa kwa lolote.

"Nimeiona," mama akasema. "Hivi na wao waliona kama sado ilijaa?"