Risasi Nilizozing'arisha

Wadau, jina la staa silitaji, msijisumbue kubashiri kwenye komenti. Mnamjua, anakaa Kinondoni, na kipindi hicho nilikuwa nampigia picha za Insta.

Siku hiyo tulienda naye uwanja wa shabaha nje ya mji. Bunduki yenyewe ile ndogo ya .22, ambayo kwenye Olimpiki wanalenga mita 50, na duara la kumi pale katikati lina milimita 10.4 tu. Kitufe cha shati hicho! Bosi alitaka klipu ya kibabe.

Mimi mtoto wa Mbagala. Mabomu ya tarehe 29 Aprili 2009 yalinikuta darasa la tatu, kwa hiyo hata kushika boksi la risasi mikono ilikuwa inatetemeka. Nikafungua. Zina mafuta mafuta, zinanata, zimeshika vumbi. Kwenye kamera zikaonekana chafu. Nikatoa kitambaa cha kufutia lenzi, nikazifuta moja moja, zote 50. Zikang'aa. Picha ilitoka kali, we acha tu.

Bosi akaanza kupiga. Moja huku, nyingine kule. Mzee anayesimamia uwanja, mwanajeshi mstaafu, akaokota moja, akaisugua na kidole gumba.

"Nani kazifuta hizi?"

Kimya.

Akatueleza. Kiswahili chetu kinaita risasi ile inayoruka, na risasi pia ni yale madini laini ya kijivu. Sasa kichwa cha zile .22 zetu kilikuwa risasi tupu, hakina gamba la shaba kama cha bunduki kubwa, halafu kinapita kwa kasi kwenye mtutu wa chuma. Ile nta imepakwa kiwandani makusudi. Inakaa nje kwa sababu kichwa na ganda vina unene mmoja, hakuna pa kuificha. Ukiifuta, kichwa kinajisugua na kuacha mabaki ndani ya mtutu, shabaha inatawanyika. Ndiyo maana wapiga shabaha wakibadilisha aina ya risasi wanapiga kadhaa za bure kwanza, mpaka mtutu uzoee nta mpya. Akapitisha kitambaa kwenye mtutu kwa fimbo, kikatoka kijivu, kina vipande vinavyometa.

"Na msije mkazipaka mafuta ya kupikia mkadhani mmerekebisha. Mafuta yakizidi yanaokota mchanga, mchanga unakwangua mtutu."

Bosi akamgeukia dogo wa kubeba mizigo. "Si wewe uliyebeba boksi?"

"Hapana bosi, sio mimi." Akaniangalia. Aliniona nikifuta. Mimi nikajifanya nakagua betri ya kamera.

Dogo akatimuliwa palepale, arudi kwao Temeke, hata nauli hakupewa. Picha ikapata laiki kibao, nikalipwa changu. Kusema kweli bosi hata kwa risasi zenye nta yake angekosa tu, shabaha hana, ila hilo halikumsaidia dogo.

Mwezi uliopita nimemkuta Rangi Tatu anauza makava ya simu. "Kaka, bado unapiga picha?" Kachangamka kabisa. Nikanunua makava mawili bila kuomba punguzo, na simu yangu ina kava. Nikaondoka sijasema kitu.

Dogo, uliniambia huwa unanisoma humu. Ni mimi niliyezifuta.